Swali la Pili

Niliandika ubaoni, chaki ikikwaruza:
"Mvua katika shairi hili inaashiria nini? Alama tano."
Wete, Kidato cha Tatu, saa nne za asubuhi,
bati juu yetu likipata moto kidogo kidogo,
na harufu ya karafuu ikipanda dirishani
kutoka majamvini kwa jirani wa skuli.

"Neema," alisema mmoja. "Mateso," mwengine.
"Ukoloni, mwalimu," alisema Ngwali,
ambaye hujibu ukoloni hata ukimuuliza mbu.

Mize Shaame hakunyoosha mkono.
Alisema chini chini, kama anayeongea na dawati:
"Mvua ni mvua.
Kwetu ikinyesha tunatega masufuria.
Sufuria haliashirii. Linajaa."

Walicheka. Nikacheka nao,
kicheko cha mtu aliyeshikwa na bidhaa si yake.
Nikafungua daftari nililonakili kwa mwalimu wangu,
aliyenakili kwa wake:
Ishara ni kitu kinachosimama badala ya kitu kingine.
"Na hicho kingine," Mize akauliza,
"wakati huo kimekaa wapi?"

Kengele ikaniokoa.
Tashbihi, sitiari, takriri, tashihisi:
miaka tisa nazitaja
kama mitaa ya mji nisioufika.

Nyumbani nikamkuta Sitirima jikoni, amesimama,
anatazama sahani.
Ile ya buluu, yenye pengo ukingoni,
inayokwenda na kurudi baina yetu na Bi Mkasi
tangu tulipohamia Limbani.
Ikienda na bumunda, hurudi na ndimu.
Ikienda na pweza, hurudi na maembe mabichi.
Hata wiki ya msiba wao ilirudi na chumvi,
fumba moja, ndani ya karatasi ya daftari.
Leo imerudi imeoshwa.
Imekaushwa.
Haina kitu.

"Amesikia," Sitirima alisema.

Juzi tulipeleka posa ya kijana wetu Chake.
Binti wa Bi Mkasi yuko hapa, ukuta kwa ukuta.
Hakuna aliyewahi kuahidi neno,
na sote tulikuwa tukijua.

Nikaipima sahani mkononi.
Haikusimama badala ya hasira.
Hasira ilikuwa mle mle,
imesuguliwa kwa jivu hata ikang'aa.
Na utupu ule usingenena
kama si miaka kumi na mmoja ya kujaa:
dukani kwa Hamad Faki zimepangwa arobaini,
zote tupu,
na hakuna mteja anayehisi katukanwa.

Alfajiri Sitirima alipika mkate wa kumimina,
akaukata, akaweka kile kipande cha kati, kilicho laini,
akafunika kawa.
"Kinaashiria nini?" nikamuuliza.
"Kinaashiria mkate. Mpelekee kabla hakijapoa."

Bi Mkasi alipokea bila kufunua.
"Mwambie nimepokea," alisema,
akarudi ndani, mlango akauacha wazi kiasi cha kidole.
Hilo bado nalisoma.

Saa nne nikafuta swali zima, nikabakisha mvua.
"Mize, kwenu masufuria mangapi?"
"Matatu."
"Na panavuja pangapi?"
"Panne."
Akachezea kifuniko cha kalamu.
"La nne baba alikwenda nalo Tumbe."

Bati likaalika kwa joto.
Hakuna aliyecheka.
Ngwali alinyoosha mkono,
akautazama,
akaushusha.